Shajara ya mradi: difu ya nyuma ya Land Rover Series III ni reshio gani?

Jumamosi

Land Rover imeshaanza kutembea yenyewe. Ni Series III ile fupi ya inchi 88, injini ya petroli ya 2.25, tairi 7.50-16 pande zote. Breki zinashika, usukani hauchezi, taa zote zinawaka. Sasa kimebaki kitu kimoja kinachonikosesha usingizi, difu ya nyuma (gia za katikati ya ekseli zinazopokea nguvu kutoka propela shafti na kuipeleka kwenye tairi) siijui ni ya reshio gani, yaani propela izunguke mara ngapi ndio tairi izunguke mara moja, na mpaka nijue siwezi kugusa mambo ya foo wili, kuendesha tairi zote nne, wala kupanga gari itabeba nini.

Kilichonitia shaka kwanza ni kuondoka. Gia namba moja ya hizi gari ni fupi, ukiachia klachi tu gari imeshatoka na papo hapo inaomba namba mbili, lakini hii yangu ukiweka moja inatoka kwa kusitasita, inataka uibembeleze na klachi utafikiri umeondokea namba mbili. Nikasema labda injini imechoka, nikapima kompresheni, silinda zote nne ziko vizuri na zinakaribiana, taimingi sawa, kabureta nimeisafisha mwenyewe. Injini haina kosa.

Alafu spidomita. Kwenye barabara tambarare mshale uko 60, simu yenye GPS inaniambia 79, 80. Nikashusha hadi mshale usome 45, simu ikasema 60. Spidomita mbovu huwa inarukaruka au inakwama sehemu fulani, hii haifanyi hivyo, inapunguza robo ileile kila mwendo, na kitu kinachokosea kwa kipimo kilekile kila mara huwa kina sababu ya hesabu nyuma yake.

Na la tatu ni hili ambalo nimekuwa nikilitazama tangu siku gari inafika: propela shafti ya mbele haiko mahali pake. Ilikuja imelala nyuma kwenye bodi, nzima, misalaba ya viungo vyake haina plei, yaani haichezi, imepakwa hadi grisi. Mtu gani anafungua propela nzima na kuipaka grisi alafu asiirudishe?

Jumamosi usiku, hesabu kidogo

Nimekaa nikaifikiria ile spidomita. Kwenye Series kebo yake inatoka kwenye transfa, lile sanduku la gia linalopeleka nguvu propela ya mbele na ya nyuma, kule inapotokea propela ya nyuma, kwa hiyo kinachohesabiwa ni mizunguko ya propela, sio ya tairi. Spidomita haijui kabisa kinachotokea ndani ya difu, inaamini tu kwamba difu ni ile ya kiwandani. Na ya kiwandani kwenye Series III ni 4.7, yaani propela izunguke mara 4.7 ndio tairi izunguke mara moja.

Sasa kuna difu nyingine maarufu ya familia hiyohiyo, 3.54 ya Range Rover za zamani, na zile za mwanzo zenye hafu shafti (shafti za kutoka difu hadi tairi) za spilaini 10, yaani meno 10 ya kuunganishia, zinaingia kwenye ekseli ya Series bila kukata kitu wala kuchomelea. Watu wengi wameziweka ili gari ikimbie barabarani bila injini kupiga kelele. Ukigawa 3.54 kwa 4.7 unapata 0.753. Sasa chukua 60 ya mshale ugawe kwa 0.753, inakuja 79.7. Nilipoiona hiyo namba nikaweka kalamu chini.

Lakini hapo bado sijathibitisha. Spidomita inaweza kuwa imetolewa gari nyingine, na tairi nazo zinaingia, kama gari ilitoka na tairi ndogo za 6.00-16 ukaja kuivisha 7.50 spidomita itasoma chini kwa asilimia kumi na kitu hata difu isipoguswa. Tairi peke yake haifikishi robo nzima, lakini tairi na spidomita ya kuokoteza zikiungana zinaweza kukupa namba yoyote ile. Kwa hiyo spidomita naichukulia kama mtu aliyesikia kelele usiku, anasaidia uchunguzi lakini hukumu hatoi.

Ile namba iliyogongwa kwenye ganda la ekseli pia nimeshaisafisha na brashi ya waya nikaisoma. Inakwambia ganda lilitokaje kiwandani basi. Difu ya hizi gari inatoka nzima kwa mbele ya ganda kama kipande kimoja, anayebadilisha anabadilisha kile kipande na ganda linabaki na namba yake ileile, kwa hiyo ukiisoma miaka arobaini baadaye unasoma historia ya ganda. Magari mengine yana msaada zaidi, Toyota nyingi zina sahani yenye mstari wa giaboksi na ekseli, na ekseli nyingi za Kimarekani zina kibati kidogo kimebanwa chini ya boliti ya kifuniko cha difu. Vyote vizuri kuangalia kwanza maana havichukui hata dakika tano, ila vyote vina udhaifu uleule, vinasema gari ilivyozaliwa tu.

Jumapili asubuhi

Leo tumezungusha tairi. Kabla ya kueleza namna niseme hili la jeki maana linaumiza watu kweli. Handbreki ya Series haiko kwenye tairi, iko kwenye dramu nyuma ya transfa, inakamata propela. Ukiinua tairi moja ya nyuma, difu inaruhusu ile iliyo hewani izunguke, na ile iliyo chini izunguke upande wake, hata kama propela imekamatwa kabisa. Yaani umevuta handbreki, umeingiza gia, na gari bado inaweza kuteremka kwenye jeki. Na kwa kipimo hiki handbreki yenyewe lazima uachie, la sivyo propela haizunguki. Kwa hiyo sehemu tambarare, kabari mbele na nyuma ya tairi zote zinazobaki chini, stendi chini ya ekseli, jeki sio ya kuiamini. Nimeweka kabari kubwa kuliko inavyohitajika na sijutii.

Transfa nimeiweka nyutro kwa ile lea nyekundu. Nimeinua tairi ya nyuma kushoto peke yake, ya kulia iko chini imebanwa. Chaki kwenye tairi na alama nyingine kwenye fenda iielekee. Kwenye flenji ya propela nimezungusha tepu nyeupe yenye mstari wa kalamu, na nimekwaruza alama kwenye ganda la difu ili nijue inapopita. Mdogo wangu akakaa kwenye tairi, mi nikalala chini kuhesabu.

Hapa ndipo wengi wanachanganywa kwa hiyo naeleza taratibu. Tairi moja ikiwa imesimama, ile nyingine inazunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa krauni, ile gia kubwa ndani ya difu, maana krauni siku zote inakwenda wastani wa tairi mbili. Moja ikiwa sifuri, nyingine lazima iende mbili ili wastani uwe moja. Kwa hiyo ukizungusha tairi mara moja ukahesabu propela, unapata NUSU ya reshio. Mtu anahesabu propela imezunguka karibu moja na robo tatu anakuja kusema difu yangu ni 1.77, difu kama hiyo hakuna, azidishe kwa mbili. Njia rahisi zaidi ni kuzungusha tairi mara mbili kabisa, ukihesabu propela unapata reshio moja kwa moja.

Ila mizunguko miwili ni michache mno kwa gari ya zamani. Plei imejaa kila mahali, kwenye krauni na pinioni (gia ndogo ya upande wa propela inayozungusha krauni), kwenye zile gia ndogo za katikati, kwenye spilaini za hafu shafti, ukijumlisha tairi inaweza kucheza sehemu nzuri tu ya mzunguko kabla propela haijastuka. Dawa yake ni mbili. Kwanza kabla ya kuanza sukuma tairi upande unaotaka kuzungushia mpaka propela ianze kusogea, hapo ndipo uweke alama zako, na ukishaanza usirudi nyuma hata kidogo. Pili zungusha mara nyingi, ile plei inabaki kosa moja tu dogo linalogawanywa kwa mizunguko yote. Sisi tumezungusha tairi 20. Kwa mizunguko 20 hesabu yenyewe ni tamu, ungetarajia propela 47 kwa difu ya 4.7, na 35.4 kwa ile ya 3.54, na tofauti ya mizunguko zaidi ya kumi na moja hata ukihesabu vibaya mmoja haikupotezi.

Propela imezunguka 35 na karibu nusu ya mwingine. Tumerudia kwa upande mwingine, jibu lilelile.

Kwa hiyo nyuma ni 3.54, au kitu kilicho jirani yake sana. Nasema jirani kwa sababu njia hii ina mipaka yake. Kama unatafuta tofauti ya 4.10 na 4.30 kama kwenye Hilux, mizunguko 20 ya tairi moja inakupa 41 kwa 43, bado inaonekana vizuri, lakini ukizungusha mara mbili tu tofauti ni sehemu ya tano ya mzunguko na plei ya difu mzee inaimeza yote. Na kama difu ina loki au limitedi slipu, vya kuzuia tairi moja isizunguke peke yake, ile tairi ya hewani haitazunguka kirahisi wakati mwenzake iko chini, hapo unainua zote mbili, zinazunguka pamoja upande mmoja na unahesabu bila kuzidisha kwa mbili.

Jumapili mchana, ya mbele

Nilitaka kupumzika lakini ile propela iliyolala kwenye bodi haikuniacha. Tukahamia mbele. Huku kazi ni nyepesi maana propela haipo, unaweka tepu kwenye flenji ya pinioni na unaiona yote bila kujipinda. Kitu kimoja tu, gari hii ina friwili habu, habu za kuunganisha au kuachanisha tairi ya mbele na shafti yake, na zisipofungwa unaweza kuzungusha tairi mpaka jioni flenji isisogee. Nimezifunga zote mbili, nimeinua tairi moja, kabari kama asubuhi, mizunguko ileile 20.

47.

Nimekaa chini kwenye simenti nikaangalia ile gari kwa muda. Nyuma 3.54, mbele 4.7. Aliyekuwa nayo alibadilisha ya nyuma tu akapata mwendo aliokuwa anautaka barabarani, alafu akatoa propela ya mbele kwa makusudi ili mtu yeyote asije kuingiza foo wili, akaitunza vizuri, akaipaka grisi, akaiweka ndani ya gari. Alijua anachofanya. Ila hakuandika popote, na hilo ndilo linalonitisha, kwa sababu mtu yeyote anayefufua gari anapoona propela imelala kwenye bodi kitu cha kwanza anachofanya ni kuirudisha.

Hebu tuone ingekuwaje. Tairi yangu nimeipima kwa kuviringisha gari mzunguko mmoja kwenye simenti, chaki hadi chaki mita 2.45. Katika mita 10 tairi inazunguka mara nne na kidogo. Propela ya nyuma inazunguka kama 14.4, ya mbele inataka 19.2. Series haina difu ya katikati, ukiingiza foo wili propela ya mbele na ya nyuma zimefungwa pamoja zinakwenda sawasawa, hamna pa kupumulia. Kwa hiyo ndani ya mita 10 tu kuna karibu mizunguko mitano ya propela ambayo haina pa kwenda. Kwenye tope tairi zingeteleza kwa nguvu na ungeona gari inapigana yenyewe. Kwenye lami hamna kuteleza kwa kutosha, kitu kingevunjika, hafu shafti au msalaba au meno ya transfa, chochote kilicho dhaifu siku hiyo. Na hata kwa zile tofauti ndogo ambazo watu hudharau, 4.10 mbele na 4.30 nyuma, ni asilimia tano, transfa inajikaza kila mita unayokwenda.

Kwa hiyo wenye foo wili naomba sana, ukinunua gari ya zamani pima ekseli ZOTE MBILI kabla hujagusa ile lea. Kupima moja ukadhania nyingine haitoshi.

Jumatano jioni

Hamna kazi ya mikono leo, ni kuamua. Njia ni mbili, niweke 3.54 na mbele pia, au nirudishe 4.7 nyuma.

Nimeandika namba zote. Giaboksi ya Series III namba moja ni 3.68, namba nne ni moja kwa moja. Transfa ya juu 1.148, ya chini 2.35. Kwa difu ya 4.7, namba moja kwenye transfa ya chini inakuwa jumla ya 40.6, kwa 3.54 inakuwa 30.6. Hapo ndipo 3.54 inaniumiza. Hii gari naitaka kwa njia mbovu na mizigo, na ukiwa unateremka mlima mkali umepakia unataka injini ikushike, breki za dramu sio za kukanyaga kilomita nzima. Na injini yenyewe ya 2.25 ina nguvu farasi 70 hivi, sio ya kuipa mzigo wa gia ndefu na tairi kubwa kwa pamoja.

Upande wa pili, kwa mwendo wa 80 difu ya 4.7 inafanya injini izunguke karibu 2,900 kwa dakika, ya 3.54 karibu 2,200. Tofauti hiyo unaisikia masikioni, namwelewa kabisa aliyebadilisha. Lakini kuna ovadraivu ya Fairey, gia ya ziada ya kupunguza mizunguko ya injini, reshio yake 0.782, inafungwa nyuma ya giaboksi kabla ya transfa kwa hiyo inahudumia ekseli zote mbili sawasawa. 4.7 pamoja na ovadraivu kwa mwendo wa 80 ni kama 2,300, na ukiitoa unabaki na namba moja yako fupi ileile. Siku nikiipata nitaifunga. Kwa sasa uamuzi ni 4.7 mbele na nyuma.

Nimepata difu ya 4.7 iliyotumika. Kabla ya kuichukua niliweka rangi kwenye jino moja la krauni nikazungusha pinioni taratibu mpaka lile jino likarudi, mara nne na kama robo tatu. Ikiwa mezani krauni inazunguka nzima kwa hiyo hapa huzidishi kwa mbili.

Jumamosi

Difu ya zamani imetoka. Kwa ambaye hajawahi, ekseli ya Series ni nzuri sana kwa kazi hii, uzito wa gari unabebwa na beringi za habu, hafu shafti kazi yake ni kuzungusha tu, kwa hiyo unafungua boliti za flenji kwenye habu unavuta hafu shafti nje na tairi zinabaki zimesimama chini. Mwaga oili kwanza. Vuta shafti zote mbili, fungua propela, fungua nati zinazozunguka difu, alafu tafuta mtu wa pili maana kile kipande ni kizito na hakina pa kushika. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi lakini bila vipande, matope laini tu kwenye sumaku.

Imekaa mezani, nimeiosha na petroli, sasa ndio kuhesabu kwa macho. Jino moja la krauni nimelipaka rangi, nikatembea na kidole mpaka nikarudi palepale: 46. Pinioni: 13. 46 gawa kwa 13 ni 3.538. Hapo hakuna tena karibu wala jirani, haikuwa 3.50 wala 3.55, ni 46 kwa 13. Kuzungusha tairi kunakupa kipimo, meno yanakupa jibu, na kama difu itafunguliwa kwa sababu yoyote ile basi hesabu meno uandike.

Kitu kizuri nilichokiona wakati nahesabu, 46 na 13 hazina kigawo cha pamoja, kama ilivyo 47 na 10 za difu ya 4.7. Inafanywa makusudi. Jino moja la pinioni linakutana na kila jino la krauni kwa zamu kabla halijarudi kwa lile la kwanza, kwa hiyo kasoro ya jino moja haimgongi mwenzake yuleyule kila mzunguko, wanalika sawasawa. Ndio maana ukitaka rangi za pinioni na krauni zikutane tena pale zilipoanzia lazima uzungushe pinioni mara 46. Namba nyingine zilizochorwa kwenye krauni na kwenye kichwa cha pinioni nimeziandika pia, nyingi ni namba za kuonyesha kwamba hizo mbili zilisagwa pamoja kama jozi, usizisome kama reshio.

Difu niliyonunua nayo nimeihesabu kwa njia hiyohiyo, 47 na 10. Plei ya krauni nimeipima kwa dayo geji sehemu kadhaa kuzunguka, iko ndani ya milimita 0.20 hadi 0.25, na rangi niliyopaka kwenye meno inaonyesha yanagusana katikati. Imeingia, gasketi mpya, oili EP90 mpaka inachungulia kwenye tundu la kujazia.

Jumapili

Nimerudia kipimo cha tairi nyuma, 20 kwa 47. Kisha barabarani. Namba moja sasa ni fupi kama inavyotakiwa, gari inatoka bila kuombwa. Mshale 60, GPS 61. Mshale 80, GPS 81. Kumbe spidomita ilikuwa sahihi na ya tairi hizihizi siku zote.

Propela ya mbele imerudi mahali pake na boliti mpya. Nimeipeleka gari kwenye mchanga mlegevu, habu nimefunga, lea ya njano ya foo wili chini, ikatembea bila kukaza, na nilipoitoa foo wili lea nyekundu ilisogea kwa kidole.

Difu ya 3.54 nimeifunga kwenye nailoni ikiwa na oili, nimeiandika 46/13 kwa rangi nyeupe. Na kwenye ukuta wa bodi nyuma ya siti ya dereva nimepigilia kibati: MBELE 47/10, NYUMA 47/10, na mwezi na mwaka. Kinachofuata ni ovadraivu na beringi za habu ya mbele kulia, ina mlio ambao bado sijauelewa.